Mtoto Anayesoma Aone Anachokisoma

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akiisha kuyatamka maneno yote yaliyo katika ukurasa, pasipo kukwama wala kuruka mistari, basi amekwisha kujua kusoma, na kazi ya mwalimu imetimia. Mzazi apitaye karibu na shule yo yote katika nchi iliyoitwa zamani wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, asikiapo sauti za watoto hamsini au sitini wakisoma kwa pamoja, moyo wake hufurahi. Huona kwamba jasho lake halikumwagika bure.

Lakini mzazi huyo na angoje mpaka jioni moja ya mwezi wa pili, wakati wa kutayarisha mashamba kwa mvua za masika. Na ampe mtoto wake mfuko wa mbegu za mahindi, amwambie asome maneno yaliyopigwa chapa nyuma yake. Mtoto atasoma vizuri sana: kati ya mstari na mstari sentimita 75, kati ya shimo na shimo sentimita 25, mbegu moja katika kila shimo. Hatatetereka hata mara moja. Kisha mzazi amwulize, "Haya, mwanangu, nionyeshe kwa mikono sentimita 75 ni kiasi gani." Aghalabu mtoto hunyamaza. Huutazama mfuko tena kana kwamba jibu limejificha katika mshono wake, halafu huyasoma maneno yale yale mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.

Jambo hili si la kuchekesha. Mfuko huo huo waonya kwamba mbegu zimetiwa dawa, zisiliwe na watu wala zisipewe kuku. Katika nyumba nyingi za mashambani msomaji ni mtoto, na wasikilizaji ni nyanya yake na wadogo zake. Ikiwa yeye hakuona moyoni mwake kuku amelala chali karibu na ghala, au mdogo wake akitafuna punje zile zenye rangi nyekundu, basi onyo limepita kinywani mwake kama upepo, na wala hakumwonya mtu. Kinywa kimesoma, bali jicho la moyo limelala.

Kuliamsha jicho hilo ni kazi ifundishikayo. Wataalamu wa elimu waliita kazi hiyo kujenga taswira: mtoto asomapo sentensi, hujizoeza kufanya picha yake akilini, kuitazama picha hiyo, kueleza aliyoyaona, na kuirekebisha maneno yanapozidi kumfunulia mambo. Msomaji aweza kusema, "Mbona hilo ni jambo la kawaida? Kila mtu huona." Ni kweli kwamba watu wengi wazima waliozoea vitabu huona. Lakini hawakumbuki walianza lini, kwa hiyo huwadhania watoto kuwa wamezaliwa nalo, kama vile mtu ajuaye kuogelea adhanivyo kwamba maji humbeba kila mtu.

Ajabu ni kwamba watoto hao hao, wakisimuliwa hadithi kwa mdomo, huona barabara. Zamani Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, ambamo watoto walilala na kusikiliza ngano usiku baada ya chakula. Hapakuwa na kitabu wala picha ukutani, na taa ilikuwa makaa ya moto. Hata hivyo mtoto aliyesikia habari za sungura na fisi aliweza kusema kesho yake fisi alisimama wapi, na sungura alichungulia kutoka upande gani wa kichuguu. Hakuna aliyemfundisha mbinu. Sauti ya mzee, mikono yake, na kunyamaza kwake mahali pa hatari, hayo yote yalimfanyia picha.

Chukueni mfano wa Simbi, ziwa dogo la maji ya chumvi lililo karibu na Kendu Bay. Jina lake kamili, Simbi Nyaima, lataja kijiji cha Simbi kilichozama. Wazee husimulia kwamba usiku mmoja watu wa kijiji hicho walikuwa katika karamu, akatokea bibi kizee akiomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamhurumia, naye akaonywa akimbie pamoja na jamaa zake. Ndipo mvua ikanyesha na maji yakafunika kijiji kizima na ngoma zake. Mtoto wa Karachuonyo aliyesimuliwa habari hii hawezi kupita kando ya ziwa lile, hata ikiwa ni mchana na korongo wekundu wamejaa ukingoni, asitazame chini ya maji kutafuta mapaa ya nyumba. Lakini mpe mtoto huyo habari hiyo hiyo imeandikwa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, kisha umwulize kizee alifika wakati gani. Huenda akakujibu, "Sijui, mwalimu," na hali neno usiku limo katika mstari wa kwanza.

Yafaa kuuliza kilichopotea kati ya sikio na jicho ni kitu gani.

Sababu moja ni ya kale. Kusoma kuliingia katika nchi hiyo kwa njia ya misheni. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wakatoliki nao wakajenga Asumbi. Hata neno la Dholuo kwa wasomaji, josomo, lilitumika kwa watu wote walioifuata dini mpya, kana kwamba kusoma na kuamini ni kitu kimoja. Vitabu vilikuwa vichache, na kitabu kimoja kilisomwa na watu wengi. Kwa hiyo mwanafunzi mwema alikuwa yule aliyeyaweka maneno kichwani na kuyatoa jinsi yalivyo, bila kupunguza herufi. Kwa siku zile mpango huo ulikuwa na maana yake. Lakini desturi ya kuitikia kwa pamoja, mwalimu akisema nusu ya sentensi na darasa likimalizia, imeishi muda mrefu kupita upungufu wa vitabu ulioizaa.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa pana mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Mtoto wa Nyatike hunena Dholuo nyumbani. Mtoto wa Kehancha hunena Kikuria. Katika kisiwa cha Mfangano wako wazee ambao bado hunena Kisuba, ijapokuwa wajukuu wao wengi wamehamia Dholuo. Wote hao shuleni husoma Kiswahili na Kiingereza. Sasa, herufi za Kiswahili hazidanganyi: ajuaye silabi zake aweza kutamka neno lo lote, hata asilolisikia tangu kuzaliwa. Mtoto wa miaka minane aweza kusoma "nahodha alitweka tanga" bila kosa, akapigiwa makofi, na hali hajui nahodha ni nani wala tanga ni kitu gani, ijapokuwa ameviona vyote viwili ziwani tangu utotoni akiviita kwa majina mengine. Katika Kiingereza neno gumu humkwamisha mtoto, na mwalimu hugundua mara moja. Katika Kiswahili mtoto hupita juu ya shimo bila kulijua, na mwalimu aliye nyuma yake hajui pia.

Sababu ya tatu ni saa. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani, ilianzisha nchini kote mpango wa Tusome kwa madarasa ya chini ya shule za serikali. Mpango huo ulifanya jambo kubwa ambalo haifai kulisahau: ulitia kitabu mkononi mwa kila mtoto, mahali ambapo watoto wanne au watano walikuwa wakigombea kimoja. Mtoto alihesabiwa kuwa asoma kwa ufasaha akiweza kusoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika moja, au 65 ya Kiingereza. Hesabu ya Kiswahili ni ndogo kwa kuwa maneno yake ni marefu. Masomo yale yalikuwa na maswali ya ufahamu pia, wala waliouandaa mpango hawakusema mbio ndiyo elimu. Tena ni kweli kwamba mtoto anayekokota silabi moja moja hawezi kuona cho chote, kwa maana akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Ila maneno kwa dakika huhesabika upesi, na picha iliyo moyoni haihesabiki. Nayo tabia ya wanadamu ni kuthamini kile kinachoweza kuandikwa katika safu ya daftari.

Basi mwalimu aweza kufanya nini? Iko shule moja ya kando ya ziwa, upande wa Homa Bay, ambamo mwalimu wa kike wa gredi ya tatu amekuwa akifundisha kwa njia hii, na somo lake lastahili kuelezwa kwa urefu. Hutumia sentensi chache tu, alizozitunga mwenyewe na kuziandika ubaoni kabla watoto hawajaingia:

"Mama Atieno alianika omena juu ya wavu kuukuu tangu asubuhi. Alipotazama upande wa kisiwani aliona wingu jeusi. Akamwita mwanawe, wakashika pembe nne za wavu, wakakimbia. Tone la kwanza la mvua liliwapata mlangoni."

Husoma sentensi ya kwanza yeye mwenyewe, polepole, halafu huwaambia watoto wafumbe macho. Huwaacha kimya kwa muda wa kuvuta pumzi mara nne au tano. Kisha huuliza, "Mmeona nini?" Hawaulizi, "Sentensi imesema nini?" maana swali hilo hurudisha maneno yale yale, kama kasuku. Mtoto mmoja husema ameona mchanga. Mwingine ameona nzi. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono, husema amesikia harufu. Na mwalimu humsifu kuliko wote, kwa kuwa jicho la moyo lina pua na masikio yake.

Baadaye huendelea mpaka mwisho, kisha huwapa dakika chache wachore, wenye karatasi kwenye karatasi, na wasio nayo ardhini kwa kijiti. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, kwa sababu picha hazifanani. Mmoja amechora mama amebeba wavu kichwani. Mwingine amechora mwezi na nyota. Nyumba ya huyu ina bati, nyumba ya yule ina nyasi. Darasa hucheka, na kila mmoja hutetea picha yake kwa nguvu.

Mwalimu hasemi nani amekosa. Huwaambia tu, "Rudini ubaoni." Watoto hurudi kwenye maneno, safari hii wakiyasoma kama karani asomavyo hati ya shamba lake mwenyewe. Aliyechora nyota hugundua neno asubuhi, akafuta. Aliyembebesha mama wavu kichwani hupambana na "pembe nne": ikiwa watu ni wawili na pembe ni nne, kila mmoja alishika ngapi? Watoto wawili husimama mbele na kushika pembe za shuka la mwalimu, na mara darasa zima huona jinsi shuka linavyoning'inia katikati mfano wa machela, na omena wakiwa ndani. Na bati na nyasi? Hapo watoto hutafuta, hutafuta, hawapati neno. Mwalimu huwaambia kwamba hapo kila mtu yu huru, kwa maana mwandishi amewaachia.

Mwisho huuliza swali ambalo jibu lake halikuandikwa popote: "Je, omena walilowa?" Mtoto aliyezoea kunakili majibu kutoka katika mistari hushindwa. Bali mtoto aliyeiona picha ajua kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kufika mlangoni, na tone lilikuwa la kwanza tu. Kwa hiyo omena wengi waliokoka, na ada ya muhula ujao ya kaka yake Atieno labda iliokoka pamoja nao. Jambo hilo la ada halimo katika habari. Msichana mmoja ndiye aliyeliongeza, na mwalimu alimwacha.

Hii ndiyo sehemu ya njia hii ambayo waalimu wengine huiacha, na wakiiacha huiharibu. Kumwambia mtoto awazie picha na kumsifu kwa picha yo yote aliyoiwazia ni kumfundisha kuota ndoto, na ndoto si kusoma. Picha hapana budi ipelekwe mbele ya maneno, ihojiwe, na mahali ilipopingana na maneno ibadilishwe. Faida kubwa haiko katika kufumba macho. Iko katika kuyafumbua tena na kurudi ubaoni, kwa sababu mtoto asiye na picha hana sababu ya kurudi. Hajui kwamba kuna jambo asilolijua.

Mambo haya yalipimwa katika nchi nyingine. Mwaka 1971 Allan Paivio, profesa wa elimu ya nafsi nchini Canada, alitoa kitabu akieleza kwamba akili huweka mambo kwa njia mbili, kwa maneno na kwa picha, na kwamba jambo lililowekwa kwa njia zote mbili hukumbukwa vizuri kuliko lililowekwa kwa njia moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, Mmarekani Michael Pressley aliwajaribu watoto wenye miaka minane. Nusu yao walizoezwa kufanya picha akilini, kwanza za sentensi moja moja, kisha za aya, halafu wakasoma hadithi ndefu. Wengine waliisoma bila mazoezi hayo. Waliozoezwa walikumbuka zaidi. Tofauti haikuwa ya kustaajabisha, lakini ilikuwapo, na mazoezi yenyewe yalikuwa mafupi, wala hayakuhitaji chombo cha kununuliwa.

Wako watakaosema kwamba njia hii yawafaa watoto walioona mengi, na kwamba mtoto wa kijijini hana picha za kutosha moyoni. Vitabu humtajia gari moshi, theluji, ghorofa za mji, bahari yenye mikoko. Hakuna reli Homa Bay wala Migori. Gari moshi lilifika Kisumu, upande wa pili wa ghuba, mwaka 1901, likaishia hapo. Hoja hii ina uzito, ila haifiki inakotaka kufika. Picha ya moyoni hujengwa kwa vipande vya mambo yaliyokwisha kuonwa. Mtoto wa Awendo ameona trekta likikokota matela mawili ya miwa kwenda kiwandani Sony; na aongeze matela mengine kumi, aondoe matairi, aweke magurudumu ya chuma juu ya vyuma viwili virefu, naye amekwisha kupata gari moshi la kumtosha kuifuata habari. Mvua ya mawe iliyofunika majani ya chai au shamba la tumbaku humfungulia mtoto mlango wa theluji, ingawa mwalimu lazima aongeze kwamba theluji huanguka bila kishindo.

Hata habari za omena si za kila shule. Mwalimu aliye Kehancha au Isebania, ambako milima iko karibu kuliko ziwa, atafanya vyema kuondoa wavu na kuweka turubai lenye mahindi yaliyoanikwa. Wingu ni lile lile na mbio ni zile zile. Wala si lazima kutafuta mbali kwa somo la mambo ya kale. Katika kaunti ya Migori, upande wa Macalder, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila udongo wa kuyashika, nyingine zapita kimo cha mita 4, na mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto asomaye kwamba lango la ukuta lilikuwa jembamba na fupi hapati picha mpaka aulizwe: adui mwenye mkuki na ngao angeingiaje humo, na mwenye nyumba aliye ndani angesimama wapi? Akiisha kuona hivyo, ajua kwa nini lango lilikuwa fupi, na hakuna haja ya kumkaririsha.

Kuhusu picha zilizochorwa vitabuni, pana shauri moja dogo. Ni nzuri, tena humsaidia mtoto anayeanza. Lakini picha ya kitabu ikitangulia siku zote, jicho la moyo huwa kama kijana mwenye kaka mwenye nguvu: halipati nafasi ya kuinua mzigo. Mwalimu aweza kuifunika picha kwa karatasi mpaka watoto wamesoma na kuchora zao, kisha aifunue. Hapo watoto huhukumu kama mchoraji wa kitabu alisoma vizuri au la; na mara kwa mara humkamata.

Njia hii ina mipaka pia, na si vema kuificha. Darasa lenye watoto 70 haliwezi kuchora na kujadiliana kila siku. Mara moja au mbili kwa juma yatosha, kwa habari fupi. Tena si maandishi yote yenye picha. Sheria ya ushirika, au maelezo ya haki na wajibu wa raia, hayaonekani kama omena waonekanavyo, na mwalimu anayelazimisha picha mahali pasipo picha hupoteza wakati wa watoto. Na wako watu wachache ambao hawaoni picha akilini hata kidogo. Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1880, baada ya kuwauliza watu waikumbuke meza yao ya chakula cha asubuhi na kukuta kwamba wengine hawaoni cho chote. Na mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia. Si ugonjwa, wala si upumbavu, na miongoni mwao wamo wasomi wakubwa. Kwa hiyo mtoto asemaye, "Mwalimu, sioni kitu, naona giza tu," asidhaniwe kuwa mkaidi. Na aambiwe aigize habari, au aipange kwa mawe na vijiti, au aeleze tu nani alikuwa wapi na alifanya nini. Atafika pale pale kwa barabara nyingine.

Nyumbani kazi hii haitaki ujuzi wa mwalimu. Karani arudiye jioni, au mkulima anayeosha jembe lake, aweza kumwomba mtoto amsomee kipande kifupi, cha kitabu au cha gazeti, kisha amwulize maswali matatu: umeona nini, ni neno gani lililokuonyesha, na sasa unadhani kitafuata nini. Majibu yaweza kuwa ya Dholuo au ya Kikuria. Wazazi wengine huona aibu kwa jambo hili, wakidhani mtoto akieleza Kiswahili kwa lugha ya mama amerudi nyuma. Sivyo. Mtoto aliyesoma Kiswahili akaeleza kwa Dholuo yale aliyoyaona ametoa ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba amefahamu, kwa sababu hakuweza kunakili.

Mzazi asiyejua kusoma yuko katika nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Huyo hawezi kutazama kitabu, kwa hiyo maswali yake ni ya kweli. Tena amezoea kuona kwa sikio. Mwaka 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela kwa kutoka sare na Espérance ya Tunisia huko Kasarani, watu wengi wa kusini mwa Nyanza hawakuwa uwanjani wala hawakuwa na televisheni. Walikuwa wameizunguka redio. Hata leo wamo wazee ambao watakuonyesha kwa fimbo, juu ya vumbi, mpira ulitoka wapi na ulikwenda wapi, nao hawakuuona kwa macho hata dakika moja.

Mwalimu yule wa kando ya ziwa amelifikiri jambo hilo. Ijumaa, katika kipindi cha mwisho, huwaalika kina mama wazee wa kijijini, mmoja kila juma. Mzee hapewi kazi ya kusimulia, mpango umegeuzwa. Mtoto husimama na kitabu chake, husoma sentensi moja ya Kiswahili, kisha huieleza kwa Dholuo, na mzee husikiliza akiwa ameegemea ukuta, mikono juu ya fimbo. Juma moja mvulana alisoma kwamba msafiri alifika mtoni jioni akavuka. Akaeleza, akataka kuendelea na sentensi iliyofuata. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu," akasema. "Mto ulikuwa umejaa, au ulikuwa umekauka?"

Mvulana akainamisha kichwa, akarudi juu ya ukurasa, akaanza kutafuta kwa kidole.